Lenzi Ndefu Juu ya Silo

Vijana wa chumba cha picha,

Siku mliyoniaga mliniuliza swali ambalo nililijibu vibaya kwa sababu wali ulikuwa unapoa. Mliuliza hivi: mtu mwenye fedha kidogo anunue lenzi gani ya kuvuta vitu vya mbali? Nikasema, "Nunueni yenye mwanga," nikarudi kwenye sahani. Jibu lile ni la kweli, ila ni nusu. Sasa nipo nyumbani Bashay, ng'ombe wangu hawaulizi maswali, nimepata wasaa wa kulijibu lote.

Niwaambie kwanza jambo ambalo kwa miaka yote ya ukali wangu pale ofisini sikuwaambia. Mimi ni mwoga. Naogopa ngazi, naogopa mashine, naogopa mtu mwenye sauti kubwa. Wengi wenu mmefundishwa kazi na mwoga bila kujua, na picha zenu si mbaya.

Kazi nilifundishwa na Mzee Bayo, aliyekuwa na studio yake Mbulu mjini, chumba kimoja chenye pazia la bluu na kiti cha mbao. Siku ya kwanza alinifungia kwenye chumba cha kusafishia filamu, giza tupu, harufu ya dawa inachoma pua, akasema nitoke hofu ikiniisha. Nilikaa humo nikisikia moyo wangu kama mtu anayetwanga. Nilitoka kwa sababu yeye alikihitaji chumba. "Hofu imeisha?" akaniuliza. Nikasema bado. "Si kitu," akasema, "mikono ikijua kazi, hofu itakaa pembeni ingoje." Mpaka leo inangoja.

Kutoka kwake nikaajiriwa kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule chini uwanda wa Hanang. Mimi mtoto wa milimani, niliyezoea mashamba unayoweza kuyavuka ukiwa umebeba maji, nilishushwa mahali ambapo ngano ilianza miguuni pangu na kuishia mbinguni. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za mafunzo: mtambo unavyofungwa, mbegu inavyopandwa, kombaini inavyovuna. Mzee mmoja wa karakana alinitembeza. Kila mashine alinionyesha kwa kidole gumba. Nilidhani ni desturi yake, mpaka alipogeuka nikaona kwamba kwenye mkono ule ndicho kidole pekee kilichobaki. "Meno ya mbele," akasema akiigonga kombaini, "hayana haraka, lakini hayarudishi kitu." Usiku ule sikula.

Basi mnaelewa kwa nini picha zangu za kwanza za mavuno zilipigwa kutoka mbali. Kamera ya ofisi ilikuwa na lenzi yake fupi ya kawaida, na mimi nilisimama mahali ambapo moyo wangu uliniruhusu kusimama. Meneja wetu alikuwa mtu mrefu wa maneno machache. Aliiinua picha yangu dirishani, akaisogeza karibu na macho, akauliza, "Hii ni kombaini au ni kupe?" Watu wa ofisini wakacheka. Nikasema, "Bwana Meneja, inahitajika lenzi ndefu." Sikusema kwamba aliyehitaji umbali ni mimi. Akaniambia nitafute, kifungu cha fedha kipo ila ni kidogo, na fedha za kigeni nisizitaje kabisa.

Hapo ndipo swali lenu linaanza. Nilikuwa na njia tatu. Mzee Bayo alikuwa na lenzi ya milimita mia moja thelathini na tano, safi kama macho ya mtoto, nyepesi, yenye tundu pana la kuingiza mwanga. Kifungu kilitosha, lakini ingenilazimu kuisogelea kombaini. Njia ya pili ilikuwa kile kioo cha kuzidisha, kinachokaa kati ya kamera na lenzi na kufanya fupi iwe ndefu. Ni rahisi kwa bei, ila kinakula mwanga na ukali wa picha, kila kitu kinatoka kama kimefunikwa na chandarua. Njia ya tatu ilikuwa lenzi ya mia tatu. Dukani Arusha hata kuiuliza ni kujichosha. Lakini pale shambani palikuwa na fundi mmoja wa kigeni aliyekuwa anamaliza mkataba, na alikuwa nayo ya zamani, nzito, inafungwa kwa kuskrubu kama ile ya ofisi. Kwetu hilo lilikuwa muhimu kuliko sifa zote, maana lenzi isiyokaa kwenye kamera yako ni chupa ghali. Akasema nikae nayo niijaribu, nikiridhika tutaongea bei.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilipata homa. Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Watu walikuwa wanakamatwa kwa sabuni, kwa khanga, kwa betri za tochi, na kule Katesh mjini ilisemekana watu wanatupa redio zao kwenye mashimo ya choo kabla hazijakutwa. Na mimi nimeshika mali ya kigeni, haina risiti, nimepewa na mgeni, tena ina umbo la bomba jeusi ambalo kwa mbali huwezi kulitofautisha na bunduki. Nililifunga kwenye kitambaa, nikalizika katikati ya mfuko wa ngano.

Nilitaka Mzee Bayo aikague, kwa hiyo nikapanda nayo lori la kwenda Mbulu. Karibu na Dongobesh tukasimamishwa na mgambo. Mmoja akapanda nyuma, akawa anachoma mifuko kwa ufito wa chuma.

"Huu wa nani?"

"Wangu, ndugu. Ni ngano ya wazazi."

Akachoma. Ufito ukaingia, ukagota. Nilihisi mkojo unataka kutoka, nawaambia kweli. "Kuna nini humu?"

"Nimeifunga na mchi wa mama," nikasema. Sijui mchi huo ulitoka wapi kichwani mwangu. Akanitazama, akautazama mfuko, akasema, "Msalimie mama yako," akashuka. Mama yangu ndiye mtu pekee niliyemwomba radhi kwa jambo lile.

Mzee Bayo aliifungua ile lenzi mezani kama mganga wa mifugo anayepima ng'ombe wa mnada. Yashikeni haya, ndiyo yenye faida. Aliitikisa sikioni kwanza, asikie kama kuna kilicholegea. Akafungua tundu lote, akamulika tochi kutokea nyuma, akatafuta kuvu: huwa kama utando mdogo wa buibui ndani ya kioo. Aliuona pembeni. "Kuvu wa pembeni unavumilika," akasema, "wa katikati unakuibia." Mkwaruzo wa kioo cha mbele hakuujali, wa kioo cha nyuma aliutafuta kwa kidole na kwa jicho. Alifungua na kufunga tundu mara nyingi kuona kama vibati vyake vimelowa mafuta. Kisha akabandika gazeti ukutani, akaniambia nilipige picha, herufi za pembeni zikisomeka kama za katikati ninunue. "Na huna fedha ya stendi ya miguu mitatu," akasema, "basi usinunue stendi. Tumia mfuko wa nafaka. Lenzi hii mkononi ni ulevi mtupu, inatikisika. Ilaze kwenye mfuko, shikilia pumzi, na spidi ya kamera isishuke chini ya sehemu ya mia tatu ya sekunde."

"Kwa hiyo ninunue, mzee?"

"Wewe unaitaka kwa nini?"

"Nisikaribie mashine."

Akacheka mpaka akakohoa. "Paskali, hii haikupeleki mbali na kitu. Kaitumie kwanza."

Nikarudi nayo shambani wakati wa mavuno yaliyofuata. Katikati ya shamba letu palikuwa na silo, ghala refu la bati lenye ngazi ya chuma ubavuni, na juu yake mlingoti. Kwenye mlingoti ilikaa bendera nyekundu, imekunjwa. Kitu tulichokiogopa sote, si mimi peke yangu, ni moto. Ngano iliyokauka ikishika, upepo wa uwanda ule hauulizi. Na dereva ndani ya kelele za kombaini hasikii kengele wala king'ora. Ndiyo maana palikuwa na sheria: kila dereva akifika mwisho wa mstari na kugeuza, atazame silo. Akiona bendera imepanda, azime injini hapohapo, aruke, akimbilie ile njia iliyolimwa ya kuzuia moto. Kuipandisha bila moto lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi. Mwaka ule, kwa jinsi watu walivyokuwa wanatafutwa, lingeitwa hujuma, na mtu wa hujuma alikuwa haonekani tena kantini.

Nilipanda ngazi ile huku macho nimeyafumba nusu, kamera shingoni, mfuko mdogo wa ngano mgongoni. Juu kabisa nililala kifudifudi kwenye bati la moto. Nikauweka mfuko ukingoni, nikailaza lenzi, nikachungulia.

Sijui niwaelezeeje. Ninyi mnavuta picha kwa vidole viwili kwenye simu, hamshangai. Mimi nilimwona Safari, dereva wa kombaini ya pili, jirani yangu kitandani kwenye bweni, nikamwona kama nimekaa naye meza moja. Niliona vumbi kwenye kope zake. Alikuwa anaimba, kwa maana midomo ilikuwa inaenda na kichwa kinatikisika. Nikapiga. Nikapiga tena. Kwa mara ya kwanza tangu nifike pale nilifurahia kombaini.

Kisha nikaisogeza lenzi kando yake kidogo, nitafute mpangilio mzuri wa ngano isiyovunwa, na nikaona mtu.

Ukiwa chini hungemwona kamwe. Kutoka juu ngano inafunguka kama nywele zilizotenganishwa na kitana. Alikuwa mwanamke mtu mzima, amevaa sketi ya ngozi ya Kibarabaigi, rangi ileile ya ngano iliyoiva. Pembeni yake kibuyu. Alikuwa amelala, shavu ardhini, mkono mmoja umeshika udongo. Nilidhani amekufa. Halafu mkono ukasogea, ukapapasa, ukatulia.

Nikamrudia Safari. Alikuwa anaenda zake upande wa pili, amempa mgongo. Akifika mwisho atageuza, na mstari wake wa kurudi ulikuwa unapita juu ya mama yule.

Nikapiga kelele. Nilimwona Safari karibu kiasi cha kumfuta jasho, nikamwita kwa jina lake, na sauti yangu haikufika hata chini ya silo. Sijawahi kuhisi hofu kama ile, na mnajua sasa kwamba nina mizani nzuri ya kupimia. Jicho langu lilikuwa kule na mwili wangu wote ulikuwa huku. Kushuka na kukimbia kusingewahi. Kitu pekee kilichoweza kufika kule kilikuwa bendera.

Nikafikiria mahojiano. Moto uko wapi? Hakuna. Ulionaje mtu katikati ya ngano? Kwa hili bomba. La nani? Risiti iko wapi? Niliwaona askari, nikamwona mama yangu analetewa habari na yule mgambo wa mchi. Yote hayo yalipita kichwani na mikono yangu tayari ilikuwa inafungua kamba. Alisema kweli Mzee Bayo kuhusu mikono.

Bendera ikapanda. Nikajitupa tena kwenye lenzi. Kombaini ya kwanza ikasimama, dereva akaruka. Ya tatu ikasimama. Safari alikuwa anageuza, huo ndio wakati wa kutazama silo, na yeye akawa anajifuta macho kwa mkono wa shati. Namwona. Tazama, nikamwambia. Tazama juu, ndugu yangu. Akashusha mkono, akatazama mbele, akaingia mstarini. Yale meno yakaanza kuzunguka kuelekea kwenye kile kibuyu. Mama yule akainua kichwa, akasikiliza, halafu, Mungu wangu, akajilaza zaidi. Akajibana na ardhi kama sungura.

Niliendelea kuangalia. Ningeweza kufumba macho, na siku nyingine zote ningefumba. Safari akaendelea kuimba, kisha wimbo ukakatika. Aliona kombaini ya mwenzake imesimama bila mtu. Akainua uso, na kwa kupitia kile kioo akanitazama machoni, au hivyo niliona. Vumbi likatulia. Kombaini ilikuwa imesimama, na Safari, kama sheria inavyosema, akaruka na kukimbia upande wa pili bila kujua alichokuwa karibu kukifanya.

Nilishuka sijui vipi. Nilikimbia katika ngano mpaka nikafika. Mama alikuwa ameketi, anajipangusa. Meno ya mbele yalikuwa karibu kiasi kwamba kivuli chake kilimfunika miguu.

"Shikamoo, mama," nikasema, maana ndicho kitu pekee nilichojua kusema.

"Marahaba." Akanitazama mikononi aone kama nina pingu. "Wewe askari ya ngano?"

"Hapana mama. Mpiga picha. Kwa nini hukutoka? Mashine ilikuwa inakuja!"

"Askari ina macho. Inakamata mimi, inasema nimeingiza ng'ombe. Mashine haina macho. Nikalala ipite." Akaushika ule udongo tena. "Mzee yangu yuko hapa. Walilima kichuguu yake, sasa hakuna alama. Mimi tu najua. Nimemletea pombe ya asali."

Nikatazama. Kulikuwa na ngano tu, sawa na ngano nyingine yote. Nilisimama juu ya kaburi la mume wa mtu na viatu vya kazi, nikarudi nyuma, nisijue kama huko nyuma nako ni salama kukanyaga.

Gari la Meneja likafika, na madereva nyuma yake, na walinzi. "Moto uko wapi?" Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Nani kapandisha?"

"Mimi, Bwana Meneja."

"Moto uko wapi?"

Nikamwonyesha mama, nikaonyesha meno ya kombaini. Safari alitazama, akaelewa, akachuchumaa. Meneja akamtazama mama, kisha akageuka kuupima kwa macho ule umbali kutoka silo mpaka pale.

"Ulimwona kutoka kule?"

Nikafungua kamera shingoni, nikampa, na lenzi imening'inia mbele. Nilijua naikabidhi kazi yangu, labda na zaidi. "Ni ya kujaribu," nikasema. "Haina risiti."

Akaichukua. Akaielekeza kwenye silo, akazungusha pete mpaka, nadhani, akaiona bendera. Akakaa hivyo. Mlinzi mmoja akamsogelea mama amshike mkono. Meneja bila kutoa jicho kwenye kioo akasema, "Mwache." Halafu akawaambia watu wote, "Kulikuwa na moto. Umezimwa. Rudini kazini."

Lenzi alibaki nayo. Siku zilizofuata nilikaa bwenini nikingoja gari lenye watu wa kunichukua, kila breki ikilia nje nasimama. Halikuja. Aliyekuja ni karani, na lenzi imefungwa kwenye karatasi, imenunuliwa kwa fundi yule kwa kifungu kilekile kidogo na kuandikwa mali ya shamba. Meneja aliniambia tu, kupe aliowaona mwaka jana asiwaone tena.

Msimu ule Safari alimalizia mstari wake kwa kukata kona. Akaacha kisiwa cha ngano imesimama, ukubwa wa nyumba ndogo. Hakuna aliyemwamuru. Wakati wa kulima aliinua jembe mahali pale, na msimu uliofuata tena, na madereva waliompokea wakafanya hivyo wakidhani ni sheria ya shamba. Kila mavuno mama yule alikuja akiwa wima, na mimi nilikuwa nashuka kwenye silo kumsalimia.

Basi jibu langu ni hili. Anzeni na lenzi fupi yenye mwanga, ile ya Mzee Bayo, na muitumie miguu yenu. Mkipata fedha ya ile ndefu, imulikeni kwa tochi, itikiseni, jaribuni gazeti ukutani, fedha ya stendi nunueni mfuko wa maharage wa kuilazia. Halafu kabla hamjailipia jiulizeni kama mko tayari kukimbia mpaka pale itakapowaonyesha. Mimi niliitaka ili nikae mbali, nikajikuta nimeingizwa ndani ya lile jambo mpaka kifuani.

Mara ya mwisho kuonana na mama yule nilikuwa nahamia ofisi ya wilaya, na kamera yenye lenzi ile ilikuwa begani. Aliomba aitazame. Nikamlazia juu ya bega langu, nikamwekea pete sawa, nikamwelekeza kwenye kile kisiwa cha ngano. Alichungulia mpaka bega likaniuma.

"Naona ngano," akasema. "Naona mbegu moja moja. Hii bomba yako, inaona yeye aliye chini?"

"Hapana, mama."

Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

"Basi bado ni fupi," akasema.